Shubiri Moja na Vidole Viwili

Mimi shule niliachia darasa la pili, na hilo la pili nilikuwa nalichungulia tu dirishani, kwa sababu ng'ombe wa mzee walikuwa hawaendi malishoni wenyewe. Lakini baiskeli nazijua. Hapa Mbalibali nimesema kwa mdomo wangu mara nyingi, kwenye pombe na kwenye misiba, kwamba ukiniletea kengele peke yake mimi naitafutia baiskeli yake mpaka inatembea. Nimesema niliwahi kuunganisha cheni nikiwa juu ya baiskeli inashuka mlima na nyuma kuna nyati. Cheni ilikatika kweli. Mlima ulikuwepo kidogo. Nyati niliongeza, watu wanapenda nyati.

Haya ya kiangazi kilichopita sitayaongeza kitu. Yalivyo tu yananitosha.

Mama mkwe wangu anakaa Nyangoto, kule Tarime, karibu na mgodi. Ni mjane. Mume wake alimwachia ng'ombe wachache, shamba lenye ugomvi, na baiskeli moja nyeusi ya zamani, nzito, ukiiegemeza ukutani ukuta ndio unaoogopa. Mama haipandi. Anaisukuma. Kila asubuhi anafunga madumu manne, mawili huku mawili huku, anakwenda bombani, anarudi ameiegemea kwa kifua kama anasukuma gari la mizigo lililozima. Siku moja anashuka kwenye yale mawe ya kwao, foko ikakatika. Foko ni ile miguu miwili ya chuma inayoshika tairi la mbele, na juu yake kuna bomba linaloingia kwenye shingo ya fremu mpaka kwenye usukani. Ilikatika hapo chini ya shingo. Madumu yakamwagika, mama akaangukia goti. Kuanzia siku hiyo akawa anabeba ndoo kichwani. Umri wake sitautaja, lakini shingo yake ilikuwa inauma hata kabla ya ndoo.

Mke wangu akaniambia, "Mama anabeba maji kichwani. Hiyo baiskeli ipelekwe kwa fundi."

"Fundi yupi zaidi yangu?"

"Fundi wa Nyangoto. Aliye karibu na baiskeli."

"Mama watoto, unataka watu waseme mkwe yupo, mzima, na baiskeli ya mama mkwe imelala?"

"Haya. Mimi sijasema kitu."

Mke wangu akisema hajasema kitu, ujue amesema.

Nikaenda Mugumu. Kuna mzee mmoja Mwislamu ana duka la spea za baiskeli, babu yake alitoka pwani, yeye kazaliwa hapa hapa, Kikurya anakijua kuliko mimi niliyenyonya nacho. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamweleza. Akaingia kwenye lundo lake la vyuma vya mtumba akatoka na foko moja imara kweli, ila bomba lake refu mpaka nikamuuliza hii ilikuwa baiskeli ya twiga au.

"Ndiyo iliyo nzima," akasema. "Tena thredi zake zimeshuka chini sana, kwa hiyo ukikata juu, nati bado inapata pa kushika. Lete fremu nikukatie hapa. Dakika tano."

"Nakata mwenyewe nyumbani."

"Kipimo unacho?"

"Kipo kichwani."

Akanitazama kichwa kizima, upande huu na upande huu. "Sawa, kijana wangu. Ila ukikata sana usije kunililia hapa. Mimi sina dawa ya kukuza bomba."

Nikacheka. Nilicheka sana siku hiyo, mpaka naona aibu nikikumbuka kicheko chenyewe.

Sasa hapa lazima mtu aelewe jambo moja, maana bila hilo atafikiri mimi ni mjinga wa kawaida. Kwetu sisi Wakurya, mwanaume na mama mkwe wake wana soni. Si ugomvi. Ni heshima, tena ni heshima inayokuweka mbali. Simpi mkono, tangu nioe sijawahi. Nyumba yake siingii, nakaa uani, naletewa kiti, na hicho kiti hakiwekwi karibu na mlango. Tukikutana njiani kila mtu anatafuta majani ya upande wake. Hata simu, huwezi kukaa unapiga naye soga kama mshikaji wa kijiweni. Kwa hiyo siku ya kuchukua kipimo simu aliishika mke wangu, akaweka sauti kubwa, mimi nikakaa hatua tano nimegeukia migomba. Namuuliza mke, mke anamuuliza mama, mama anamjibu mke, mke ananiambia mimi. Na wote tunasikiana vizuri kabisa.

"Mwambie kuna kipande cha bomba kimebaki kwenye shingo ya baiskeli. Apime kuanzia chini kinapoanza mpaka juu ya nati."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Nipime na nini, futi sina."

"Mwambie mkono unatosha," nikasema.

Tukasikia mama anavuta baiskeli, anahema. Baiskeli ilikuwa ndani, inalala chumba kimoja na yeye kwa sababu ya wezi.

"Shubiri moja," akasema. Akahema tena. "Na vidole viwili, vimelala."

Mke wangu akanigeukia. "Akate kamba yenye urefu huo, aitume na gari la kesho."

"Kamba ya nini tena? Shubiri ni shubiri. Watu wamejenga nyumba kwa shubiri."

"Siku moja tu kusubiri."

"Na mama yako abebe maji siku moja zaidi?"

Hapo nikamnyamazisha. Nilimnyamazisha kwa shingo ya mama yake. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka kukata siku ile ile kwa sababu majirani wawili walikuwa wameshakuja kuangalia, na mimi watazamaji wakifika siwezi kuwaambia warudi kesho.

Kukata kwenyewe nilikata vizuri, hilo hata adui yangu hawezi kulikataa. Nililaza foko juu ya benchi, nikaikalia kama napanda punda, mgongo kwa watu. Nikatandaza kiganja changu juu ya bomba, kuanzia chini, kidole gumba mpaka kile kidogo. Nikaongeza vidole viwili. Nikazungusha uzi mweusi mahali hapo, nikaukaza, ili msumeno wa chuma usitangetange. Nikaingiza nati ya zamani ikapita chini ya uzi, maana ukimaliza kukata unaitoa kwa kuizungusha na yenyewe inasafisha thredi zilizoumia. Hayo ni mambo ya fundi, hayo sikuyasoma popote. Nikadondosha mafuta ya kula kwenye msumeno. Nikaanza, polepole, nazungusha bomba kidogo kidogo ili mkato usiende kombo.

"Huyu anakata kama anakata keki ya harusi," jirani mmoja akasema.

"Keki nani hakati," nikamjibu. "Nipe reli nikate."

Kipande kikadondoka, kirefu kama kidole changu na zaidi. Kuku akaja akakidonoa, akakiona cha moto, akakimbia, watu wakacheka. Nikapiga tupa pale kwenye mdomo wa bomba mpaka ukawa laini, ukipitisha ulimi haukukati. Mtu mmoja akaniuliza, umepima sawasawa? Nikamwambia mimi hata nikilala napima.

Siku iliyofuata tukasafiri, mimi na mke wangu. Gari la Mugumu, halafu bodaboda, foko begani kama mkuki. Njia nzima nilikuwa nasalimia watu nisiowajua.

Tulipofika nikawekewa kiti changu uani, mbali na mlango. Mama alikuwa ndani, nasikia anatembea. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye anachimba dhahabu kwenye mashimo madogo madogo na ulimi wake mkali kuliko sururu yake, alikuwepo na wenzake watatu wa shimoni. Akaitoa baiskeli.

"Shemeji, leo tunakuona kazini. Tumesikia sifa zako mpaka masikio yamechoka."

"Leta spana, acha maneno."

Nikafungua shingo, nikatoa kile kipande kilichokatika, nikakitupa pembeni bila hata kukiangalia. Nikapaka grisi, nikapanga gololi zote. Nikapitisha bomba kwa chini. Likapanda, likapanda, halafu likakoma. Lilitakiwa litokeze juu, nati zipate pa kukaa. Halikutokeza. Liliishia sawasawa na mdomo wa shingo, halikuchungulia hata kidogo. Nikalisukuma. Nikaligonga kwa chini na jiwe kama vile kuna mahali limejificha.

Shemeji akainama, akaweka jicho moja kwenye tundu.

"Shemeji," akasema taratibu, "naona giza tu. Bomba umeliacha Mbalibali?"

Wale wenzake wakaangalia chini, mabega yanatikisika.

Mimi nimechekwa sana maishani na sijali, ndiyo kazi yangu. Lakini siku hiyo nilikuwa ukweni, mke wangu amesimama pale, mama mkwe yupo nyuma ya ukuta anasikia kila kitu. Jasho likanitoka sehemu ambazo sikujua zina jasho. Na mdomo wangu, huu huu uliozoea kuongeza, ukajitafutia njia.

"Mimi nimekata kipimo nilichopewa," nikasema. "Niliambiwa shubiri moja na vidole viwili. Mnaweza kumuuliza mama watoto."

Wote wakaangalia mlango. Si mimi. Mlango.

Sauti ya mama ikatoka ndani, ikasema, "Basi nimekosea mimi. Sikusoma. Msimseme mkwe."

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilitakiwa kugeuka nisimwangalie, ndivyo ilivyo, lakini nilichelewa. Alikuwa amebeba ndoo tupu, ameishika kwa juu, kwenye ukingo, kwa mkono mmoja. Ule mkono sikuwahi kuuona hivyo. Vidole virefu, vipana, vimezunguka ule ukingo kama kamba ya meli. Mkono ulioshika jembe miaka yote hiyo. Mimi ni mtu mdogo, na mikono yangu ni midogo hata kwa mtu mdogo. Mnadani nikinunua glavu natafutia kwenye za watoto. Kiganja changu kingelala ndani ya chake kama yai kwenye kiota.

Nikajua pale pale. Mama hajakosea. Alipima shubiri yake, mimi nikakata shubiri yangu. Kila mtu anayemsalimia mama yule kwa mkono anajua mkono wake ulivyo. Ni mimi tu katika ukoo mzima nisiyejua. Na hata hilo si kosa. Kosa ni kwamba nilijua kabla hajafika kwenye njia ya bombani, bado namwona mgongo, ningeweza kusema. Nikafuta grisi mikononi.

Mke wangu naye alikuwa anaangalia mikono yangu nikiifuta.

Tukarudi na foko. Njia nzima hakusema kitu, na safari hii kweli hakusema.

Nikafikiri yataisha. Baada ya siku chache shemeji akapiga simu, mambo mengine tu, halafu akacheka akasema, "Huku bombani mama wamempa jina. Wanamwita fundi wa shubiri. Akifika foleni wanamwomba awapimie kamba ya kisima."

"Na yeye anasemaje?"

"Atasema nini? Anabeba ndoo yake."

Nikakata simu nikasema chaji imeisha. Chaji ilikuwepo.

Nikarudi Mugumu kwa yule mzee. Nikamwonyesha foko, nikamwomba aniunganishie kipande kwa moto wa kuchomelea. Akaizungusha.

"Umekata vizuri sana," akasema. "Mahali pabaya tu. Si kilikuwa kichwani hicho kipimo?"

"Kilikuwa kwenye mkono wa mtu mwingine, mzee."

"Bomba la foko siungi. Likiachia na madumu manne, mama wa watu anapoteza meno yote." Akaniletea nyingine. "Nikukatie?"

"Subiri kwanza nilete kamba."

Mke wangu akampigia mama yake, akamwomba akate kamba. Mimi hata kwenye migomba sikukaa, niliondoka kabisa. Baada ya siku mbili dereva wa gari akaleta karatasi imekunjwa. Ndani kuna ukanda wa kitenge cha zamani, umepigwa fundo huku na huku. Nikaulaza kwenye benchi, nikatandaza kiganja changu juu yake. Shubiri yangu ikaisha, kitambaa kinaendelea. Nikaweka vidole viwili, kinaendelea. Nikaweka vitatu vingine ndipo nikafika kwenye fundo. Nikakaa pale na ule mkono nimeutandaza, mke wangu akapita na ufagio, akaangalia, akaendelea kufagia.

Mzee akakata yeye, dakika tano alizosema.

Nyangoto nikafunga foko nyingine. Ikapanda, ikatokeza, nati zikakaa, usukani ukazunguka kama uko kwenye siagi. Shemeji akaipanda, akazunguka uani mara mbili.

"Leo umeokota kipimo wapi, shemeji? Au leo mama hukumpa kazi?"

Nikainuka kwenye kiti. Nikasogea karibu na ukuta wa nyumba, karibu kuliko nilivyowahi kufika, nikageuza mgongo ili nisiangalie mlango. Nikasema, kwa sauti, kwa Kikurya, bila kupitia kwa mtu.

"Mama. Mkono wako haukukosea. Mimi nilipima kwa mkono wangu, na mkono wangu ni mdogo. Tena siku ile nilijua. Nilikuona na ndoo nikajua, nikanyamaza."

Shemeji alisimamisha baiskeli mguu mmoja chini. Mke wangu alikuwa anachambua mchicha, akaacha. Ndani nilisikia kifuniko cha sufuria kinawekwa. Nilikuwa na mengine ya kusema, nilikuwa nimeyapanga tangu Mugumu, mazuri, yote yakapotea.

Mama akamwita binti yake kwa jina. Akamwambia, taratibu kabisa, "Mwambie mkwe, maji ya chai yameisha."

Mke wangu akanitazama. "Mama anasema maji ya chai yameisha."

"Nimesikia."

Nikachukua madumu manne, nikaanza kuyafunga kwenye baiskeli.

"Shemeji, acha, nitaenda mimi," yule shemeji akasema, sasa hacheki. "Mwanaume wa watu uende bombani, mkwe, mchana huu? Watu watakuona."

"Ndiyo, wataniona."

Kwetu mwanaume mwenye mke haonekani kwenye foleni ya maji. Na mkwe, ukweni, hilo sijawahi kulisikia hata kwenye uongo wangu mwenyewe. Niliisukuma ile baiskeli kwa yale mawe, madumu matupu yanagongana yanatangaza. Bombani kulikuwa na wanawake kumi na tano. Nawahesabu kumi na tano kwa sababu walikuwa kumi na tano. Nikasalimia, nikapanga madumu yangu nyuma ya ndoo ya mwisho. Wakageuka wote. Halafu mmoja, mnene, ana kanga ya njano kichwani, akasema, "Hii si baiskeli ya fundi wa shubiri?"

"Ndiyo yenyewe. Mimi ni mkwe wake."

"Ahaa. Kumbe wewe ndiye uliyedanganywa kipimo."

Nilihisi uongo unakuja wenyewe, umejaa mdomoni, mtamu: gari lilitikisika, msumeno ulikuwa mbovu, mzee wa spea aliniuzia foko ya mtoto. Nikaumeza.

"Hakunidanganya. Alipima sawa. Mimi nilikata kwa mkono wangu halafu nikamsingizia yeye mbele ya watu."

Wakacheka, wakaniambia nionyeshe huo mkono, nikauonyesha, wakacheka zaidi. Mmoja akasema na huo anashikia nini, kijiko? Hayo yote niliyaona sawa. Ni haki yao, na kicheko kilikuwa kimehama kwa mama kimekuja kwangu, ndicho nilichokijia.

Ila kulikuwa na bibi mmoja amekaa juu ya dumu lake, yeye hakucheka. Akasubiri wenzake watulie.

"Wiki tatu," akasema, "anakuja hapa anakaa hapo ulipo. Tunamsema yote hayo. Hakuwahi kututajia wewe hata mara moja."

Foleni ikasogea. Zamu yangu ilipofika yule wa kanga ya njano alitaka kunifungulia bomba, nikamwambia nitafungua mwenyewe. Maji ya pale yanatoka membamba. Dumu la kwanza lilichukua kama dakika nne kujaa, na yalikuwa manne.